Shokapu za Mama Mkwe

Mimi ni fundi makochi. Nina banda langu hapa Mwisenge, Musoma, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwakalisha watu vizuri. Mtu akiniletea kochi lililobonyea, simsikilizi kwanza. Nalikalia. Nakaa kimya dakika moja, nanyanyuka, nakaa tena, ndipo namwambia springi gani imelegea na godoro gani limekufa. Naeleza haya mwanzoni ili msomaji aelewe ukubwa wa aibu yangu. Kwa miezi kadhaa nilimkalisha mama mkwe wangu vibaya kuliko nilivyowahi kumkalisha mtu yeyote, na kiti chake sikukikalia hata mara moja.

Kiti chenyewe kilikuwa cha pikipiki. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi machimboni Buhemba, akahamishwa. Si hizi za bodaboda. Ni aina wanayoiita kruza: ndefu, nzito, usukani umekuja karibu na kifua, miguu unaitupa mbele kama mtu anayeota jua, na nyuma ya abiria kuna chuma kimekunjwa kuwa kiegemeo. Vijana wa kijiweni walinicheka, wakasema mzee amenunua kochi lenye tairi. Sikukasirika, kwa sababu ndicho hasa nilichokinunua. Kwenye barabara ya Bunda ilikuwa inapita juu ya viraka vya lami na mimi nasikia tu kitu kidogo, kama mtu amegeuka kitandani chumba cha pili.

Mama mkwe anaishi mbele ya Butiama, upande wa Buhemba, kijiji ambacho barabara yake ni ya udongo. Mumewe alishafariki. Ana mihogo, ana mtama, ana mbuzi wake wanne ambao anawajua tabia mmoja mmoja. Ni mwanamke mrefu, mkavu, wa kupenda kufanya mwenyewe. Siku moja bodaboda ilimwangusha wakati wa kutoka mnadani, akaumia nyonga. Baada ya kulazwa na kuruhusiwa, akaambiwa awe anakwenda Bunda kila Alhamisi kufanyishwa mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia mke wangu waziwazi: akiyaacha, mguu utakaza, na ukishakaza mama hatasimama tena jikoni wala kwenda uani bila kubebwa. Mke wangu alinieleza habari hiyo akiwa amekaa sakafuni pale bandani, katikati ya vipande vya godoro, na alikuwa analia.

Bodaboda mama alikuwa ameapa hatazipanda tena. Magari ya abiria yanayopita kule yanapakia watu wanne kiti cha nyuma, na mguu ule haukuweza kukunjwa hivyo. Ikabaki pikipiki yangu. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu mimi ni mkwe wake.

Kwao, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja, na hawaongei mambo ya mwili. Kanisani, padre akisema tutakiane amani, watu wote wanashikana mikono, sisi wawili tunainamishiana vichwa kutoka benchi hadi benchi. Hata ugonjwa wake, mbele yangu, uliitwa "mguu", ingawa kila mtu alijua ni nyonga. Ikitokea mmoja amemgusa mwenzake, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, aliyegusa ndiye anayetoa mbuzi. Mbuzi anachinjwa, wote wanakula, na kuanzia siku hiyo mwiko umekwisha, mnaongea kama mama na mtoto. Ungefikiri watu wanakimbilia kutoa mbuzi. Hawakimbilii. Mkwe anayeleta mbuzi bila sababu anaonekana heshima imemchosha, na mama anayetoa mbuzi yeye mwenyewe anaonekana amejirahisi. Katika miaka ishirini na mmoja ya ndoa yangu hakuna aliyetoa, na nikiri kwamba umbali ule ulinifaa. Mama yule ana macho ya kumpima mtu, na mimi nilipenda kupimwa kwa mbali.

Mke wangu ndiye aliyeona njia. "Si ina chuma nyuma?" aliniuliza. "Mama atashika chuma. Wewe hatakushika."

Kweli, chuma kile cha kiegemeo ndicho kilichoturuhusu. Yeye angekaa upande, kama wanavyokaa wanawake wa umri wake, mkono mmoja umeshika chuma, miguu yote miwili juu ya kibao nilichochomelea pembeni. Kati yangu na yeye nikaweka mto. Niliushona mwenyewe, kwa kitambaa cha kochi cha rangi ya damu ya mzee, nikaujaza vizuri, nikautia kamba za kufungia. Ule ulikuwa ukuta. Tukakubaliana pia, kupitia kwa mke wangu, kwamba akitaka nisimame atagonga chuma kwa pete yake. Kusemezana tukiwa mwendoni, huku nimempa kisogo, haikuonekana adabu.

Alhamisi ya kwanza tulikwama pale pale uani kwake. Kiti cha nyuma cha pikipiki ile kilikuwa juu. Yeye alisogea kinyumenyume mpaka kikamgusa kiunoni, akajaribu kujiinua, mguu ukakataa. Mimi nimekaa mbele, nimeshika usukani, naangalia miti. Wanawake wawili wa jirani wakaja wakambeba wakampandisha. Bunda akashushwa na wahudumu wa hospitali, akapandishwa na wahudumu hao hao, na niliporudi naye uani, majirani tena. Usiku ule alimpigia mke wangu simu. Alisema anashukuru, ila hatakwenda tena, yeye si gunia la mihogo.

Nikaamua kuishusha pikipiki.

Fundi wangu wa pikipiki yuko karibu na soko la Musoma, mtu wa makamo, mpole, asiyependa kubishana. Alizunguka ile kruza mara mbili akifuta mikono. "Kushusha naweza," alisema. "Nakutolea hizi shokapu za nyuma, naweka fupi za pikipiki ndogo. Mbele navuta mabomba ya tairi juu kidogo. Itashuka. Lakini mzee, shokapu ina safari yake. Inashuka, inarudi. Ukiifupisha, unaikatia safari. Ikifika mwisho inagonga."

"Springi nazijua," nikamwambia. "Ndiyo kazi yangu."

"Wewe unajuaga za makochi," akasema. "Kochi haliendagi Bunda."

Nilicheka, nikamwambia afanye. Ndivyo nilivyo. Mtu akinigusa kwenye ufundi wangu, masikio yanaziba.

Alifanya kazi safi. Kiti cha nyuma kikashuka mpaka kikawa kimo cha kigoda kirefu. Pikipiki ilionekana kama imechuchumaa, na nisiseme uongo, ilipendeza. Jambo moja tulilisahau. Pikipiki ikishuka, stendi ya pembeni inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo haiilazi tena, inaisimamisha wima. Alhamisi iliyofuata niliiegesha uani kwa mama mkwe, nikageuka kusalimia, ikaangukia upande wa pili, juu ya banda la kuku. Kuku wakatoka na makelele yao yote. Mama mkwe aliangalia, akafunika mdomo kwa kitenge, mabega yakawa yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na alifanya hivyo akiwa amegeuza uso, kama inavyotakiwa. Stendi tulikuja kuikata wiki hiyo hiyo.

Lakini alipanda mwenyewe. Alisogea kinyumenyume, akakaa, akajivuta, akashika chuma. Hakuna mtu aliyemgusa. Nilifurahi mpaka nikaiwasha pikipiki ambayo ilikuwa tayari imewaka.

Mimi mbele niliona tofauti kidogo. Kwenye matuta ya vijijini egzosi ilikuwa inakwaruza, kwa hiyo nikawa napita taratibu na kwa upande. Kwenye kona ilibidi nisiilaze sana. Kwenye barabara ya udongo tairi la nyuma lilianza kula madigadi, fundi akazikaza springi hadi mwisho ili lisifike. Ikawa ngumu. Lakini ugumu ule kwangu ulikuwa wa kuvumilika, kwa sababu dereva anakaa katikati ya pikipiki, na mimi nilikuwa naliona shimo kabla halijafika, najinyanyua kidogo. Anayekaa nyuma anakaa juu ya tairi lenyewe. Anayekaa upande haoni linalokuja, na hata akiliona hana pa kujinyanyulia. Haya nayaandika leo kama mtu mwenye akili. Wakati ule sikuyawaza.

Kila Alhamisi jioni nilimuuliza mke wangu: mama amesemaje? Na kila Alhamisi jibu lilikuwa lile lile. "Amesema mkwe wake anamjali. Amesema umemfanyia kazi ya mtoto wa kumzaa." Nililala vizuri sana miezi ile.

Mara moja tu alimwambia mke wangu kwamba kiti bado. Hakusema zaidi ya hapo. Mke wangu akaniletea neno hilo kama lilivyo, nami nikalipokea kama fundi makochi: bado, maana yake kigumu. Nikafungua kiti, nikatoa godoro la zamani, nikaweka jipya, nene, la daraja la juu, ambalo nawawekea watu wanaojua kulalamika. Kiti kikawa kizuri mno. Kikawa pia kimepanda kwa unene wa ngumi. Kwa hiyo nikarudi kwa fundi, nikamwambia ashushe tena.

Alibonyeza kiti kwa kiganja. "Tena?"

"Tena."

"Shokapu itabaki pambo, mzee."

"Godoro litafanya kazi yake," nikamjibu.

Godoro halifanyi kazi ya springi. Godoro linameza vitu vidogo, vya kukera. Kikija kitu kikubwa, linajibana, linaisha, na kinachobaki ni mbao na chuma. Hili mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza analijua, nilishamfundisha kwa mkono. Mimi nikalisahau kwa sababu kitu kilikuwa na tairi, na kwa sababu nilikuwa nasifiwa.

Alhamisi tatu baadaye, mama mkwe akatuma neno kwamba amepona na hana haja ya kwenda tena Bunda.

Mke wangu alikwenda kumwona, akarudi amenuna. Mama hajapona. Anatembea na fimbo, na akikaa anachagua upande wa kukalia. Alipoulizwa alisema mguu hauna neno, na mkwe apumzike, ana kazi zake. Mtaalamu wa Bunda naye akapiga simu kuuliza kulikoni, akarudia yale yale ya mguu kukaza. Mke wangu akawa hali vizuri. Na mimi, badala ya kufikiri, nikakasirika.

"Nimemkosea nini?" nilimuuliza. "Nimeishusha pikipiki yangu mara mbili. Nimeshona mto. Au kuna watu wamemwambia kupanda na mkwe ni aibu?"

"Sijui," akasema. "Mama anafichaga vitu."

"Basi aendelee kuficha."

Nilisema hivyo, na ninajuta mpaka leo. Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kilichonifungua macho ni shazia. Nilikuwa nashona kona ya kochi, nguvu nyingi na hasira ndani yake, shazia ikapita kitambaa ikaniingia kiganjani. Nikafungwa bendeji mkono wa kulia. Na kulikuwa na vitambaa vya kufuata Bunda kwa mtu mmoja, kazi ya mteja wa harusi, haingoji. Fundi wa pikipiki alikuwa na safari yake huko, akasema atanipeleka kwa pikipiki yangu. Nikapanda nyuma. Katika muda wote niliomiliki kruza ile, sikuwahi kupanda nyuma. Nani anapanda nyuma ya pikipiki yake mwenyewe?

Kutoka Mwisenge hadi nje ya mji nilikaa vizuri, nikawa hata najisifu moyoni kwa lile godoro. Kisha zikaja rasta za kwanza, ile mistari iliyoinuliwa barabarani kuwaamsha madereva. Sikuzihisi makalioni. Nilizihisi menoni. Kisha likaja tuta. Fundi alipunguza mwendo vizuri tu, tairi la mbele likapanda, likashuka, halafu la nyuma likapanda, na kitu kikapiga kutoka chini kikaenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, mpaka nikaona kiza kidogo. Nikapiga kelele. Fundi akadhani nimedondosha kitu.

"Endelea," nikamwambia.

Mbele ya Makutano nikamwomba asimame. Nikashuka. Nikapanda upya, safari hii nimekaa upande, magoti pamoja, mkono mmoja kwenye chuma, miguu kwenye kibao.

Fundi akageuka. "Unafanya nini?"

"Nakaa anavyokaa mkwe wangu."

Hakucheka. Wapita njia walicheka, wanafunzi walicheka, mwanamke mmoja mwenye ndoo ya dagaa alinipungia mkono akaniita bibi harusi. Fundi aliwasha, akaenda mwendo ule ninaokwendaga mimi nikiwa na mama. Ukikaa upande, kila shimo linakupindisha. Mwili wa juu unabaki, wa chini unaondoka, na panapokatika ni nyongani. Mimi nyonga zangu ni nzima. Tulipofika Kiabakari nilikuwa nimeshika chuma kwa mkono wa bendeji bila kujali, kidonda kimefunguka. Tulipofika Bunda, fundi alizima, akasubiri. Sikuweza kushuka mara moja. Nilikaa pale upande upande, mtu mzima, nikalia. Nilikuwa namwona mwanamke yule akitoka kwenye mazoezi, nyonga imelainishwa kidogo kwa mikono ya watu wanaojua, halafu anasogea kinyumenyume kwenye kiti changu kizuri ili ikavunjwe tena mpaka nyumbani. Kila Alhamisi. Na jioni anapiga simu kunishukuru.

Angeniambiaje? Neno lenyewe, kiuno, nyonga, halipiti kati yetu. Na akimwambia mwanaye, anajua litanifikia kabla ugali haujaiva. Aliweza kusema kiti bado, basi. Akaona nimeongeza mzigo juu ya mzigo, akaamua kubaki na mguu wake kuliko kumdharau mkwe aliyejitahidi.

"Rudisha shokapu," nilimwambia fundi. "Zile ndefu. Unazo?"

"Ninazo," akasema. "Nilijuaga utazitaka."

Wiki ile akazirudisha za nyuma, akalegeza springi zikae kwa uzito wa watu wawili wasio wanene, akashusha mabomba ya mbele mahali pake. Nikapunguza godoro nikabaki na jembamba, zuri. Stendi iliyokatwa tukaichomelea kipande. Nikapanda nyuma, fundi akaendesha, tukazunguka barabara mbovu zote za Mwisenge, mimi nimekaa upande. Tairi lilikuwa linapanda na kushuka kule chini na kiti kinabaki kinateleza. Niliweza kuongea bila sauti kukatika. Nikasema sasa hapa ndipo pa kumkalisha mtu.

Tatizo la kimo likarudi pale pale lilipokuwa. Uani kwake nilijenga ngazi ya mawe, vidaraja viwili, na Bunda wangekuwepo wahudumu na benchi lao. Mke wangu akaenda kumbembeleza mama kwa siku mbili. Sijui alisema nini. Mama akakubali mara moja tu, ya kujaribu.

Alhamisi ile alipanda kwa ngazi ya mawe, polepole, akakaa, bila kujua kwamba chini ya kiti zimerudi shokapu ndefu. Nikaondoka. Barabara ya udongo nikaipita, nasikiliza kila kinachotoka nyuma. Kimya. Butiama, lami, Kiabakari, tukashika barabara ya Bunda. Rasta zikapita. Tuta likapita. Nilikuwa natamani kugeuka nimwangalie usoni, na haiwezekani.

Tulipofika katikati ya mashamba ya pamba, pete ikagonga chuma. Nikasimama. Akateremka mwenyewe, kuteremka si kazi, akaingia vichakani na fimbo yake. Nikaangalia upande mwingine. Ndipo nikakumbuka kwamba hapa hapana ngazi, hapana benchi, hapana mhudumu, hapana mwanamke wa jirani. Palikuwa na pamba tu, na malori yanapita.

Aliporudi nilikuwa nimeshatafuta jiwe. Lilikuwa la mviringo, limekaa vibaya. Nikaliweka chini ya kibao, nikarudi kukaa mbele, nikashika usukani, nikageuza uso. Nilisikia fimbo ikiligusa lile jiwe. Likatikisika. Likaguswa tena. Lori la ng'ombe likapita likatupulizia vumbi. Nilifikiri anguko moja tu hapa na habari ya mguu imekwisha, na mimi nikishuka nikamshika nimemvunjia heshima yake ya miaka yote barabarani, mbele ya madereva.

"Acha jiwe," akasema.

Alikuwa hajawahi kuniambia kitu akiwa nyuma yangu. Halafu nikahisi kiganja kwenye bega langu. Kilikuwa kikavu, kizito, kimeshika kweli kweli, si kugusa kwa ncha za vidole. Akajiegemeza kwa uzito wake wote, nikaikaza miguu, pikipiki ikainama kidogo, akajiinua, akakaa. Shokapu zikashuka, zikapumua, zikarudi.

Nilisubiri mkono uondoke. Haukuondoka.

"Twende mkwe," akasema. "Watu wa mazoezi hawangojagi."

Nikaenda. Mkono ulibaki begani mpaka Bunda. Ule mto wangu wa rangi ya damu ya mzee ulikuwa katikati yetu kama kawaida, na sijui ulikuwa unazuia nini.

Kwenye geti la hospitali, kabla hajateremka, alisema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za shamba: "Nimekushika mimi. Mbuzi nitatoa mimi."

Nilianza kusema kwamba haikuwa lazima, kwamba hakuna aliyeona. Akanikatiza. "Mungu ameona, na mimi nimeona. Jumapili mje."

Kati ya wale mbuzi wake wanne alichinja jike mwenye madoa, aliyekuwa akimfuata mpaka jikoni. Nilimwambia mke wangu amwambie achague mwingine, mke wangu akasema mama ameshachagua. Watu wa ukoo walikuja, mzee mmoja akasema maneno machache ya kuondoa mwiko, akatumwagia maji mikononi sote wawili kutoka kata moja. Kisha mama mkwe akaja na sahani, akaiweka mbele yangu kwa mkono wake, akavuta kigoda, akakaa karibu nami. Alikaa kwa kuchagua upande. Hatukuwahi kuwa karibu hivyo na mimi nikiwa naweza kumwangalia.

Akala vipande viwili. Akanyonya mfupa. Akaniangalia usoni kwa yale macho yake ya kupima.

"Sasa nikwambie," akasema. "Hiyo pikipiki yako ilikuwa inaniua kiuno."

Mke wangu akaweka kijiko chini.

"Najua, mama," nikasema. "Nimechelewa kujua. Nisamehe."

"Hujui," akasema. "Wewe, naambiwa, umepanda nyuma mara moja. Mimi nimepanda Alhamisi ngapi? Subiri nikwambie."

Akanawa mikono, akajifuta kwenye kitenge, akaanza na tuta la kwanza pale mbele ya shule ya kijijini, akalitaja lilivyompiga, akaenda kwenye la pili, na hakuruka hata moja mpaka tukafika Bunda.